Nani Alipie Swali la Nyasi?

Mwenyekiti aliisoma karatasi hadi mwisho, akaikunja mara mbili, akamrudishia kijana aliyeileta.

"Mwanangu," alimwambia kwa upole, "goli la upande wa sokoni halina nyavu tangu mwaka jana. Wewe unaomba hela ya utafiti wa majani. Kwani sisi hapa tunafuga ng'ombe?"

Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu, akasema "Sawa, mzee," akakaa.

Tulikuwa chini ya mwembe, pembeni ya uwanja wetu wa mtaa hapa Tabora: kamati ya uwanja, makocha, na wapenzi wa mpira wasiokosa kikao. Kilichokuwa kinajadiliwa ni fedha iliyobaki baada ya ndondo, mashindano yetu ya mtaa. Yule kijana ndiye mtunza uwanja. Hakuomba makubwa. Alitaka kamba, vigingi, makopo ya kupimia maji, na ruhusa ya kutumia eneo la nyuma ya goli. Angeligawa vipande 12, kila kipande akitunze kwa namna yake kiangazi chote, aone kipi kitaifikia Novemba kikiwa hai.

Fedha ikaenda kwenye lori la udongo mwekundu na magunia ya vipandikizi vya ukoka, kama ilivyokwenda mwaka uliotangulia.

Uamuzi huo niliuelewa. Kilichonikaa moyoni wiki zote zilizofuata ni lile swali la mzee. Hakuliuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayelinda fedha za watu, na pale chini ya mwembe hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa.

## Kila Novemba

Aliyecheza mpira wa mchangani hahitaji kuelezwa uwanja wa Tabora unavyokuwa mwezi wa Septemba, kwa hiyo nipite haraka. Mvua zinaanza Novemba, ukoka unatambaa, na ikifika Februari uwanja unapendeza hadi wazee wanakuja kupunga upepo. Mwishoni mwa Aprili mvua zinakata. Julai mbele ya magoli pamebaki kipara. Septemba mpira ukidunda unatimua vumbi, na kipa anayeruka anajua anakwenda kuangukia nini. Kisha tunachanga, tunapanda upya.

Hela inatoka kila mwaka. Hilo ndilo jambo nililoliona kwanza nilipotulia. Hatukuwa tukichagua kati ya kutoa na kutotoa.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mahali watu wazima wamekaa, wakatoa fedha, wakamlipa mtu achunguze nyasi za kuchezea. Nikakuta wapo, na wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Walioanza ni watu wa gofu.

## Barua za Hugh Wilson

Mwaka 1911, karibu na Philadelphia, klabu ya Merion ilikuwa inajenga uwanja mpya wa gofu. Kazi ya kuusimamia alipewa mwanachama mmoja, Hugh Wilson, ambaye riziki yake ilikuwa biashara ya bima. Nyasi zilipomshinda alianza kuwaandikia wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Charles Piper na Russell Oakley. Mbegu gani? Udongo gani? Mbolea kiasi gani? Wakamjibu, akauliza tena, na barua zikaendelea kwa miaka mingi.

Shida yake ilikuwa shida ya klabu zote. Kila moja ilinunua mbegu na mbolea kwa maneno ya muuzaji. Mwaka 1920 Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kikaanzisha kitengo chake cha nyasi, Piper akiwa mwenyekiti, na vipande vya majaribio vikawekwa kwenye mashamba ya Wizara ya Kilimo huko Arlington, Virginia. Uingereza nao wakafungua kituo chao Bingley, Yorkshire, mwaka 1929. Na tangu 1983 USGA imekuwa na mpango maalumu wa kufadhili watafiti wa vyuo vikuu, ambao umeshatoa zaidi ya dola milioni 40.

Ukisoma maswali yaliyolipiwa, utashangaa yalivyo ya kawaida. Kwa nini maji yanatuama hapa na si pale? Nikate nyasi kwa urefu gani kabla ya joto? Nikipunguza maji kwa robo, nini kitatokea? Madoa haya ni ugonjwa, au ni mbolea imezidi? Ni maswali ya mtu aliyeshika reki.

Na majibu yake hayakuwa ya kubahatisha. Mwaka 1960 USGA walichapisha maelekezo ya kujenga eneo la shimo, pale mpira wa gofu unapomaliziwa: tabaka la mchanga la takriban sentimita 30, chini yake kokoto. Sababu yake inavutia. Matundu madogo ya mchanga hushikilia maji, na matundu makubwa ya kokoto hayana nguvu ya kuyavuta. Maji hubaki juu, mizizi ikayanywa, hadi mchanga ushibe kabisa; hapo ndipo ziada inashuka na kwenda zake. Uwanja huohuo unahifadhi unyevu wakati wa jua na haugeuki tope wakati wa mvua.

Niliposoma hilo nikalikumbuka lori letu. Uwanja wetu umekaa juu ya udongo wa kichanga, kama sehemu kubwa ya Tabora. Sisi tunaumwagia juu yake udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Unakanyagwa, unashikamana, unakauka, unakuwa sakafu. Maji ya boza yanateleza juu yake hadi kwenye mtaro, na mizizi iliyo chini inakosa maji na hewa.

Tumekuwa tukinunua ugonjwa kwa bei ya dawa.

## Lakini gofu ni ya nani?

Hapa nilikwama kwa siku nyingi.

Gofu ni mchezo wa wenye nafasi. Kiwanja kimoja chenye mashimo 18 kinachukua makumi ya hekta, na katika nchi kavu kinaweza kunywa maji ambayo binadamu wanayahitaji. Mimi naishi mkoa ambao maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria yamefika juzi juzi tu, na bado zipo nyumba ambazo mama anaamka alfajiri kutafuta ndoo ya kwanza. Zahanati zetu zina upungufu unaojulikana. Ningesimama vipi mbele ya wazee nikasema majani yatengewe fungu?

Kuna usiku nilimwona mwenyekiti yuko sahihi kabisa.

Kilichonitoa hapo hakikuwa hoja moja kubwa. Kwanza, sehemu nzito ya utafiti huo wa gofu inahusu namna ya kutumia maji machache na dawa chache, kwa sababu maji na dawa ndiyo gharama inayowaumiza. Wenye fedha waliulipia kwa faida yao, ila matokeo yake yamechapishwa na yeyote anaweza kuyasoma. Pili, uwanja wetu wa mtaa si starehe ya wachache. Ndipo watoto wa shule mbili wanapofanyia michezo, ndipo misiba mikubwa inapowekwa turubai, ndipo wasichana wetu walipopata timu. Mtoto akianguka Septemba, anaangukia pale.

Na la tatu ni habari ya mtu mmoja wa Georgia.

## Mfugaji wa nyasi

Glenn Burton aliajiriwa mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Tifton, kusini mwa Marekani. Kazi yake ilikuwa malisho. Alitafuta nyasi bora kwa ng'ombe wa wakulima wa eneo lenye udongo wa kichanga na joto kali, na mwaka 1943 akatoa aina ya ukoka iitwayo Coastal iliyoenea kwenye mashamba ya nchi hiyo. Miche mingine aliyoipata ilikuwa mifupi na laini mno kwa malisho. Watu wa gofu waliposikia, wakaja na fedha kidogo wakimwomba asiitupe.

Akauzalisha ukoka wa kawaida na jamaa yake mdogo mwenye majani membamba, anayetoka Transvaal, Afrika Kusini. Ukoka wa kawaida ulikuwa na kromosomu 36, ule mwembamba 18, na mtoto wao akapata 27. Idadi hiyo haigawanyiki sawa, kwa hiyo mmea ni tasa, hautoi mbegu inayoota. Lazima upandwe kwa vipandikizi, kama tunavyopanda sisi. Katika machotara ya namna hiyo zikatoka Tifgreen mwaka 1956, Tifway mwaka 1960 na Tifdwarf mwaka 1965. Tifway imepandwa kwenye viwanja vya mpira vya nchi nyingi za joto.

Mtu huyohuyo, kituo hichohicho, alishughulikia uwele. Aina ya uwele iitwayo Tift 23A, iliyotengenezwa Tifton, ndiyo iliyotumika kama mama wa HB-1, uwele chotara wa kwanza kutolewa India, mwaka 1965. Wakulima wa maeneo makavu ya India walipata mavuno ambayo hawakuwa wameyazoea.

Nilisoma hilo mara mbili.

Mzee aliuliza kama sisi tunafuga ng'ombe. Jibu ni kwamba maarifa ya nyasi hayakuwahi kutengana na ng'ombe wala na nafaka. Anayejua kwa nini ukoka unakufa mbele ya goli anajua pia kwa nini malisho yanakufa kwenye njia ya mifugo kwenda lamboni: mkanyago unaoziba hewa ya udongo, kukatwa au kuliwa hadi chini kabla mizizi haijarudisha nguvu. Hapa kwetu ardhi hiyohiyo inachezewa jioni na kuchungiwa mbuzi asubuhi.

Na nyasi zenyewe asili yake iko huku. Ile ya Transvaal ni ya Afrika. Nyasi iitwayo Kikuyu, inayofunika viwanja vingi vya gofu Afrika Kusini, Australia na California, ilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mmea ni wetu, fedha za kuusoma zimekuwa za wengine.

## Urambo

Sihitaji kwenda Marekani kuonyesha hasara ya kutanguliza fedha na kuchelewesha maswali. Nauli ya basi hadi Urambo inatosha.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari milioni 3.2. Wataalamu watatu walikuwa wamezunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache tu mwaka 1946, ripoti ikaandikwa, matrekta yakapakiwa melini. Kongwa udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi. Kiangazi ulipokazana, karanga hazikung'oka. Mvua zilikuja zilivyotaka. Mpango ukafungwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Urambo baadaye ikajulikana kwa tumbaku, na zao hilo lina taasisi yake ya utafiti, TORITA, hapahapa Tabora. Kuna kituo cha kilimo cha Tumbi. Kwa hiyo mkoa huu unajua vizuri maana ya kupanda vipande vidogo, kuvipima, na kusubiri. Tumekubali hilo kwa jani la kuvuta. Kwa jani la kukanyaga bado.

## Mchwa, mwembe na maboza

Wakati fulani nilifikiri suluhisho ni kunakili tu. Kama Wamarekani wameshapata majibu, tuyachukue.

Nikaenda uwanjani na yule kijana, tukazunguka polepole.

Alinionyesha mchwa. Ukikwangua majani makavu mwezi wa Agosti unakuta wamejenga vijia vya udongo juu yake na wanakula. Nyasi iliyolala kwa ukame, ambayo mizizi yake ingeweza kuamka mvua zikirudi, inamalizwa ikiwa usingizini. Makala za gofu nilizosoma zinazungumzia kuvu, viluwiluwi wa mbawakawa na theluji. Mchwa wa miombo ni wetu, na tutajijibu wenyewe.

Alinionyesha kivuli. Ukoka unapenda jua kali, haustahimili kivuli. Miembe ya upande wa magharibi inafunika kona moja kuanzia mchana hadi jioni, na kona hiyo tumeipanda upya kila mwaka kwa mmea ambao hauwezi kuishi pale. Hakuna atakayekata mwembe Tabora, wala asijaribu. Basi pale panahitaji nyasi nyingine, au paachwe pawe pa watazamaji.

Alinionyesha fyekeo. Kabla ya ndondo tunafyeka hadi udongo uonekane ili mpira ukimbie. Nyasi inapokatwa chini sana mizizi nayo inafupika, kwa sababu majani ndiyo yanayoilisha. Tunafanya hivyo Mei na Juni, wakati ambapo ukoka unahitaji mizizi mirefu kuliko wakati mwingine wowote.

Kisha tukaongea maji, na hapa ndipo mahesabu yaliponinyamazisha. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kipimo kinachotajwa sana kwa nyasi za michezo ni milimita 25 za maji kwa wiki. Hiyo ni lita 178,500 kila wiki, karibu maboza 18 ya lita elfu kumi. Hakuna kamati ya mtaa itakayoweza, na hata ingeweza isingestahili kufanya hivyo wakati majirani wanapanga ndoo.

Kijana alishalijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana swali lake halikuwa maji kiasi gani yataufanya uwanja uwe kijani. Aliuliza: ni maji machache kiasi gani yataufanya usife?

Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Ukoka una vishina vinavyotambaa chini ya ardhi, na vinaweza kukaa muda mrefu bila jani lolote juu. Huenda milimita tano kwa wiki zinatosha kuvihifadhi. Huenda maji mengi mara moja kwa wiki tatu ni bora kuliko kidogo kila siku. Huenda maeneo ya mbele ya magoli peke yake yakimwagiliwa, na magoli ya mazoezi yakawa yanahamishwa kila wiki ili mkanyago ugawanyike, tutafika Novemba tukiwa na kitu cha kuanzia. Vipande 12 nyuma ya goli, makopo ya kupimia, na simu ya kupiga picha kutoka juu ili kulinganisha sehemu ya kijani vingetosha kuanza kujibu.

## Kuhusu nyasi bandia

Kila ninapozungumza haya kuna anayeniambia: wekeni bandia kama Kaitaba au Nyamagana, muachane na mateso. Viwanja hivyo vimesaidia sana, sibishi. Ila zulia la namna hiyo nalo linachakaa na kutaka kubadilishwa baada ya takriban miaka kumi, gharama yake haiko karibu na mfuko wa mtaa, na juani linaweza kupita nyuzi joto 60. Watoto wetu wengi wanacheza pekupeku.

Nimeishia hapo na bandia.

## Mfuko wenyewe

Kahawa ilishatuonyesha njia. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilianza mwaka 2001 huko Lyamungo, Kilimanjaro, ikiwa mikononi mwa wadau wa kahawa wenyewe. Anayekula kwenye zao anachangia kulisoma. Gofu walifanya vivyo hivyo.

Mpira wetu una wadau. Kuna viingilio, kuna wadhamini wa ndondo wanaoandika majina yao kwenye jezi, kuna ligi kuu inayochezwa Tabora na Kigoma, kuna halmashauri, na mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa Afcon. Nyasi za viwanja vichache vikubwa zitatunzwa vizuri sana kwa ajili ya mashindano hayo. Ningependa sehemu ndogo ya fedha hiyo ifike kwa watu wanaouliza maswali kwa ajili ya viwanja elfu vilivyobaki. Chuo Kikuu cha Sokoine wapo wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana watu wa malisho. Tumbi iko mlangoni. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa nauli, makopo na posho ya mtunza uwanja, na kumwambia mtaalamu: swali letu ni hili.

Nimekwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, nikamwamkia, tukaongea muda mrefu. Alisikiliza habari ya Urambo kwa makini kuliko zote, kwa kuwa baba yake alifanya kazi kwenye yale matrekta. Mwishoni aliuliza jambo ambalo mimi na kijana hatukuwa tumeliweka sawa.

"Na mwaka huo mkipata mvua ya Agosti, isiyo ya kawaida? Mtajuaje kilichowasaidia ni makopo yenu au ni Mungu?"

Yuko sahihi. Kiangazi kimoja kinaweza kudanganya. Mchwa wa mwaka huu wanaweza kuwa wachache mwakani, na kipande kilichoshinda kinaweza kuwa kimeshinda kwa bahati ya mahali kilipo. Ndiyo maana kila namna ya utunzaji lazima irudiwe kwenye vipande kadhaa vilivyochanganywa, na ndiyo maana majaribio ya namna hii huendeshwa kwa misimu kadhaa. Lakini kamati yetu inachaguliwa kila mwaka, na kila kamati mpya inapenda kuonekana imeleta lori.

Kwa hiyo ombi tulilokubaliana kulipeleka limebadilika. Hatuombi hela ya mwaka huu peke yake. Tunaomba viangazi vitatu viandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kupigwa muhuri, pamoja na jina la atakayepima na mahali daftari litakapokaa, ili kamati itakayokuja ilikute jambo limeshaanza.